Mashua ya mtumba na orodha yangu ya marekebisho

Kisu cha fundi kilizama kwenye ubao wa pili kutoka mkukuni, uti wa chini wa chombo, upande wa kushoto, kama kinavyozama kwenye muhogo uliochemshwa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, bamvua limekupwa hadi mbali, na mashua niliyokuja kuinunua ilikuwa imelala ubavu kwenye mchanga wa Kunduchi, Dar es Salaam, tumbo lake lote likiwa wazi kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuitamani. Muuzaji aligeuza uso akaitazama mikoko. Fundi hakusema neno. Alichomoa kisu, akakipangusa kwenye suruali, akasogea nusu pima na kuchoma tena. Hapo kisu kiligoma. Akasogea tena, kikagoma. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo nadhani muuzaji aliisikia vizuri sana: "Ubao mmoja na robo. Chombo bado kizima, mwanangu. Sasa zungumzeni bei."

Mimi ni mtu wa ofisini. Kazi yangu iko Posta, nyumba yangu iko Tegeta, na kwa miaka mingi bahari nimeiona zaidi kupitia dirisha la ghorofa ya tano kuliko kwa karibu. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba nazi kutoka Mafia kuja Dar es Salaam, na nilipokuwa mdogo nilikaa miguuni pake nikisikiliza habari za joshi na demani, henza na jarari, umande na matlai. Nilirithi maneno, sikurithi kazi. Kasoro hiyo ndiyo iliyonifanya nimtafute fundi kabla sijaitafuta mashua, na kwa msomaji anayefikiria kufanya kama mimi, huo ndio utaratibu ninaoushauri, kwa sababu muuzaji humtambua mnunuzi asiye na fundi tangu anapovua viatu kukanyaga mchanga.

Kabla ya kufika Kunduchi nilizunguka. Upande wa Msasani niliona boti mbili za matanga za faiba, zenye mkuku mzito na mlingoti wa alumini, ambazo wenyewe walikuwa wanahama nchi. Zilikuwa nzuri na bei yake haikuwa ya kutisha kama nilivyodhani. Kilichonitisha ni yale yanayofuata baada ya bei: waya za chuma cha pua zinazoushika mlingoti, roda (kapi) ndogo ndogo zisizohesabika, matanga yenye kitambaa maalumu, vyote hivyo vikiharibika huagizwa nje. Tena mkuku ulioshuka mita moja na nusu hauwezi kulala mchangani maji yanapokupwa. Unahitaji boya la kudumu kwenye kina, mlinzi, na kidau cha kukufikisha kwenye boti yako mwenyewe. Niliangalia na ngalawa pia. Ngalawa ni nyepesi na hukimbia ajabu, lakini mimi nina mke na watoto watatu, na wakishaingia humo hapabaki pa kuweka hata chungu cha chakula. Nikabakiwa na mashua.

Yangu ina urefu wa mita nane na umri wa miaka 14, na maisha yake yote ilikuwa ya uvuvi. Mbao zake ni mvule, isipokuwa mbili ambazo mwenyewe alizibadilisha miaka ya karibuni kwa mbao laini ya bei nafuu, na bila shaka moja kati ya hizo mbili ndiyo iliyokula kisu. Fundi alimega kipande cha ubao ule akanionyesha. Kwa nje palikuwa na vitundu vidogo vya kupita sindano, visivyoonekana mpaka uelekezwe kwa kidole. Kwa ndani ubao wote ulikuwa mapango, yenye kuta nyeupe nyororo kama ganda la yai. Mdudu anayefanya kazi hiyo watu humwita mnyoo, lakini kwa asili ni wa jamii ya chaza: huingia akiwa mdogo sana, hukua akiwa ndani, na wala hana haja ya kutoka. Ndiyo maana mbao iliyotobolewa baharini haijulikani kwa macho. Hujulikana kwa kisu, na kwa nyundo, kwa sababu ubao mzima hujibu kwa sauti kali na ubao ulioliwa hujibu kama unagonga boksi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba fundi hakukaa sana chini. Alipomaliza tumbo alipanda ndani, akafua ngama kidogo iliyokuwa imebaki, kisha akatumia karibu saa nzima kwenye shina la mlingoti, kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za chombo, na chini ya ubao wa kukalia wa tezini, sehemu ya nyuma. Maji ya chumvi, alinieleza, hayaozeshi mbao kwa haraka. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha, hasa yakituama mahali pasipopata hewa. Chombo huliwa kuanzia chini na huoza kuanzia juu. Alipata taruma mbili zenye vichwa laini, akapata na machozi ya kutu yakitiririka kutoka kwenye vichwa vya misumari upande wa kulia, dalili kwamba pamba iliyozungushiwa misumari hiyo imekwisha na chuma kinakunywa maji. Shina la mlingoti lilikuwa kavu na gumu. Kwa hilo peke yake, alisema, angeinunua mwenyewe kama angekuwa na fedha.

Muuzaji alianza na shilingi milioni tisa, tukamalizana kwa milioni saba na laki nne, pamoja na tanga kuukuu, foromali mbili (boriti za kufungia tanga), nanga yenye kamba iliyochoka, na makasia. Mkataba uliandikwa kwa mkono, mbele ya viongozi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, yaani BMU, nao wakathibitisha kwamba chombo ni cha mtu aliyesema ni chake na hakina deni wala ugomvi wa mirathi. Nawasihi wanunuzi wasiruke hatua hii, maana mashua nyingi pwani ni za ndugu watatu wanne, na anayekuuzia anaweza kuwa na haki ya kuuza omo tu, yaani sehemu ya mbele. Baada ya hapo kuna kubadilisha jina kwenye usajili na ukaguzi wa TASAC, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya 2017 na kurithi kazi za majini zilizokuwa za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Kwa kuwa chombo kinatoka kwenye uvuvi kwenda kwenye matembezi ya familia, karatasi zake nazo hubadilika, na foleni hiyo bado niko ndani yake.

Sasa nije kwenye marekebisho, ambayo ndiyo yaliyoninyima usingizi mwezi mzima.

Nilipoenda kwa fundi na orodha yangu ilikuwa na mambo 12, nimeyaandika kwa kompyuta, yamepangwa kwa jedwali lenye safu ya gharama. Aliisoma yote kwa utulivu akiwa ameishika mbali na macho, kisha akauliza: "Na kuziba?" Sikuwa nimeandika kuziba. Nilikuwa na umeme wa jua, injini, mlingoti mpya, tanga la kisasa, faiba, makochi, kivuli, hata kinasa samaki cha umeme. Kutia kalafati, yaani pamba ya kuziba mishono ya mbao, sikukutia. Nilijitetea kwamba nilichukulia ni matengenezo ya kawaida. Akanirudishia karatasi. "Basi andika la kawaida juu, ya ajabu yafuate."

Tulianza na faiba, kwa kuwa niliipenda sana. Wazo ni kuifunika mashua yote kwa nje kwa kitambaa cha faiba na gundi yake, iwe kama imevaa ganda, isivuje wala isiliwe na mdudu. Serikali katika miaka ya karibuni imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba, na mtu akizitazama zinavyong'aa hutamani chombo chake kiwe vile. Lakini boti iliyozaliwa ya faiba na mashua ya mbao iliyovikwa faiba ni vitu viwili tofauti. Mbao zilizoungwa juu ya mataruma hucheza: hunywa maji zikavimba, hukauka zikajikunja, na chombo kizima hujinyonga kidogo kila kinapopanda wimbi. Ganda la faiba halijui kucheza. Baada ya muda hubanduka mahali fulani, maji huingia kati, na hapo ubao hukaa umelowa bila kupumua, ukioza nyuma ya pazia zuri jeupe ambalo hata kisu cha fundi hakipenyi. Kwa mashua mpya ya mbao kavu zilizonyooka huenda ningejaribu. Kwa chombo cha miaka 14 chenye chumvi na mafuta ndani ya kila nyuzi, gundi yenyewe ingeshika nini? Nikaifuta.

Rangi ya shaba niliifuta pia, na hapa sababu ni ya fizikia zaidi kuliko ya mazoea. Rangi za chini zenye shaba huzuia chaza na majani ya bahari vizuri, na kwenye chombo cha faiba sina ugomvi nazo. Mashua yangu imefungwa kwa misumari ya chuma. Ukiweka shaba na chuma karibu karibu ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholika, na misumari iliyokwisha kuanza kulia machozi ya kutu haihitaji msaada. Kwa hiyo tunarudi kwenye deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, ambayo wazee waliipaka kabla ya rangi za makopo kufika. Ubaya wake ni kwamba haidumu kama rangi. Itabidi niilaze mashua na kuipaka upya mara kwa mara katika mwaka, na kila mara nitanuka kama kiwanda cha mafuta ya samaki. Uzuri wake ni kwamba kila mara nitaliona tumbo lote, na ubao ukianza kuliwa nitajua mapema.

Kwenye misumari mimi ndiye niliyejifanya mjuzi. Nilitaka chuma cha pua, kwa kuwa jina lake lilinitia imani. Kumbe chuma hicho hutegemea hewa ili kujilinda. Kikifukiwa ndani ya mbao iliyolowa, pasipofika hewa, huweza kulika kwa siri kwenye shingo huku kichwa kikiendelea kung'aa. Tunatumia misumari iliyochovywa zinki, minene, kila mmoja ukizungushiwa nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta chini ya kichwa chake. Kilo tano zitatosha kwa ubao mmoja na robo, taruma mbili, na ile misumari inayolia.

Lililochukua muda mrefu kuliko yote ni tanga, nami naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu katika suala hili nilikuwa karibu sana kuiharibu mashua.

Kabla ya kununua, wiki ya tatu ya Aprili, tulitoka kuijaribu: mimi, muuzaji, na mabaharia wake wawili. Kusi, upepo wa kusini, ilikuwa changa lakini imekwisha kujijua. Tulishuka na upepo kutoka Kunduchi kuelekea Ununio, tanga limejaa, nami nimeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, mikono miwili nikihisi chombo kizima kikivuta kama mbuzi anayetaka kurudi nyumbani. Zilikuwa dakika 40 ambazo sitazisahau. Kisha tukageuka kurudi. Kurudi kulichukua saa mbili na nusu. Upepo ulikuwa unatoka tunakokwenda, na mkondo wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima, nao ulikuwa unatusukuma nyuma; ikawa hapana njia ila kubisha, kwenda upande huu kisha upande ule, tukipata hatua chache kwa kila mgeuzo.

Asiyewahi kubisha na tanga la foromali pengine hajui taabu ilipo. Boti ya matanga ya kisasa inapogeuza huipitisha omo yake kwenye upepo, tanga likahama lenyewe kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mtu mmoja anaweza kazi hiyo huku ameshika kikombe. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, na foromali iko upande mmoja wa mlingoti. Ukiipitisha omo kwenye upepo, tanga litabanwa kwenye mlingoti. Kwa hiyo chombo hugeuzwa kwa kuupa upepo tezi: joshi, kamba ya pembe ya mbele ya tanga, hufunguliwa, foromali ikasimamishwa wima karibu na mlingoti, ikapitishwa mbele yake, tanga likazungushwa, kisha joshi na demani zikafungwa upya upande wa pili. Ni kazi ya watu watatu wanaoelewana bila kupigiana kelele. Siku ile tuligeuza mara saba. Mara ya tano roda ya juu ilikwama, jarari, kamba ya kupandishia foromali, ikagoma, na foromali ikabaki nusu mlingoti ikipigapiga huku tanga likifuliwa na upepo juu ya vichwa vyetu, mpaka kijana mmoja akapanda mlingotini kwa miguu mitupu na kuigonga roda kwa kisigino.

Niliporudi nyumbani, mikono imechubuka, niliandika kwenye orodha: mlingoti mpya. Mpango wangu ulikuwa kuiondoa foromali kabisa, kusimamisha mlingoti mrefu wa wima, na kufunga tanga la pembe tatu lenye boriti chini, na tanga dogo mbele, ili mimi na mwanangu mkubwa tuweze kubisha peke yetu. Nilichora hata picha. Fundi aliitazama akacheka kwa adabu, kisha akanipeleka kwenye mashua na kuanza kuniuliza maswali. Mlingoti huu umeinamia wapi? Umeinamia omo, kwa sababu foromali inataka nafasi. Ukiusimamisha na kuurefusha, nani atauzuia usianguke? Waya. Waya utazifunga wapi? Kwenye ubavu. Ubavu huu ulijengwa uvutwe na waya? Nikanyamaza. Na hiyo tanga ya mbele ikikuvuta ubavuni, chini una nini cha kuuzuia ubavu? Mkuku wa mashua umeshuka kiganja kimoja na nusu tu chini ya mbao. Boti za Kizungu zinabisha vizuri kwa sababu chini zina ubapa mrefu unaozuia zisiteleze ubavu, na uzito unaozirudisha wima. Ili mpango wangu ufanye kazi ningelazimika kuchana mkuku na kupitisha ubao wa kushusha na kupandisha katikati ya chombo. "Yaani," alisema, "umenunua chombo kwa sababu hakijatoboka, halafu ukitoboe."

Tukakubaliana hivi. Foromali inabaki, ila tunatumia ile fupi zaidi kati ya mbili nilizopewa, na tanga linashonwa dogo kwa karibu theluthi moja. Nitapoteza kasi kwenye upepo mwepesi, nitapata chombo ambacho watu watatu wasio na misuli ya uvuvi wanaweza kukigeuza. Tanga kubwa kuukuu nitalitunza kwa siku za upepo wa kubembeleza, kama manahodha wa zamani walivyobeba matanga mawili matatu ya ukubwa tofauti badala ya kulipunguza moja. Roda zote zinabadilishwa. Hizi za mbao zilizoliwa katikati zinazipisha zenye ekseli ya chuma inayopakika grisi. Kama ningekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu, ningefanya hili, kwa sababu roda iliyokwama wakati foromali iko nusu mlingoti ni hatari kuliko tundu linalovuja polepole.

Kitambaa kilileta ubishi mwingine. Nilinunua kwa bei ndogo tanga kubwa la dakroni, la moja ya zile boti za Msasani, likiwa limechoka pembezoni lakini zima katikati. Dakroni hainyonyi maji, haipati ukungu kama turubai la pamba, na haivutiki umbo lake likaharibika. Mshonaji wa matanga alilipapasa, akalikunja, likajikunjua lenyewe. "Hili bati," alisema. Wasiwasi wake ni wa kweli: tanga letu hukunjwa na kufungwa kwenye foromali kila siku, na kitambaa kigumu chenye kuteleza hakikubali kukunjika wala mafundo hayakishiki. Alikubali kulikata kwa masharti mawili, kwamba dasi, ile kamba ya pindo, iwe nene na laini ya kushikika, na kwamba uzi uwe wa kuhimili jua, maana kitambaa kinaweza kudumu miaka mingi huku uzi wa kawaida ukiungua kwa jua na kukatika kwenye mishono. Amekwisha kulitandika kwenye uwanja wa nyumba yake na kulichora kwa mkaa. Linakatwa wiki hii.

Injini inakuja, ingawa si ile niliyoitaka. Nilitaka nguvu farasi 40, nikiamini nitakimbia. Chombo kama mashua, kinachokata maji badala ya kuyapanda juu, kasi yake hutawaliwa na urefu wake majini; kwa huu wa kwangu ni maili za bahari sita kwa saa na ushei, na ukizidisha nguvu hapo unachimba tu shimo tezini na kuchoma petroli. Farasi 15 zinatosha kunirudisha kutoka Ununio kusi ikiwa mbele. Mpya ingekaribia bei ya mashua yenyewe, hivyo natafuta iliyotumika. Kwa kuwa usukani unakaa katikati ya tezi, injini itafungwa pembeni, upande wa kulia, juu ya ubao mnene wa mvule uliopigiwa bolti hadi kwenye mataruma mawili, na uzito wake wa kilo kama 40 utasawazishwa kwa kusogeza mifuko ya farumi, yaani uzito unaowekwa ndani ya chombo, upande wa pili.

Mke wangu alikuwa na orodha yake fupi, na hakuna aliyethubutu kuifuta. Hajasahau kuzama kwa MV Spice Islander, Septemba 2011, wala kwa MV Skagit, Julai 2012. Alikuwa na jamaa Unguja. Maboya ya kuvaa kwa kila mtu, na ya watoto yawe ya saizi ya watoto. Taa. Simu kwenye mfuko usiopitisha maji, na redio ya baharini ya mkononi inayokamata chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Kwenye taa ndipo umeme wangu wa jua uliponusurika: paneli ndogo, betri moja, taa nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe tezini, na nyingine nyeupe ya juu ya kuwasha injini inapofanya kazi. Sina mpango wa kusafiri usiku, lakini nimekwisha kuona jinsi saa mbili na nusu zinavyoweza kukuleta magharibi. Tukaongeza kiakisi cha rada, vibati vilivyounganishwa kwa pembe na kupandishwa mlingotini, kwa sababu mashua ya mbao haionekani vizuri kwenye rada, na mlango wa bandari yetu hupitiwa na meli kubwa na boti za kasi za Zanzibar ambazo hazitanisubiri nipungie leso.

Nanga nayo itapata mnyororo wa mita sita mbele ya kamba mpya. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu tangu 1975, na nanga hutupwa mchangani, si kwenye matumbawe. Mnyororo huilaza nanga ishike mchanga badala ya kuburutwa hadi kwenye mawe. Makochi, kivuli na kinasa samaki vimeondoka kwenye orodha bila mazishi.

Mpango wa muda unafuata upepo. Kusi yote mashua itakuwa juu, chini ya banda la makuti, kwa sababu jua kali likizipiga mbao moja kwa moja zitakauka na kufunguka mishono kabla hata hatujaziba. Kila jioni kijana wa jirani atamwagia ndoo chache za maji ya bahari ndani. Fundi ataanza na ubao na mataruma, kisha kalafati mshono kwa mshono, kisha deheni. Tutaishusha Septemba, demani ikiingia, na hapo nimegundua kwamba neno moja linanibebea msimu wa bahari kutulia na kamba nitakayokuwa nimeishika mkononi. Siku mbili za kwanza tutaiacha ielee bila mtu, ivuje inavyotaka, mpaka mbao zivimbe na kujifunga zenyewe. Nimekatazwa kuingiwa na hofu nikiiona imejaa maji nusu.

Kupandisha ni Jumamosi hii. Bamvua litajaa kama saa kumi na nusu jioni, nasi tunataka kuisukuma hadi juu kabisa ya mstari wa majani, juu ya magogo ya minazi, wakati maji bado yanasaidia. Fundi amekwisha kuzungumza na watu 14 wa kuvuta. Malipo yao wamepatana naye, ila ameniagiza chakula, na nilipomwambia nitaleta wali na maharage alinitazama kama alivyoutazama mchoro wangu wa mlingoti. Kwa hiyo ni pilau, sufuria mbili, na nyama ionekane.